Mtani wa Kapteni Salha

Siku walipomrudisha Yoramu Kasanda kikosini alikuwa amekwisha kaa kaburini miezi mitano, na mimi nilikuwa nimekikalia kiti chake miezi hiyo hiyo mitano. Nasema kiti kwa mazoea tu. Mlengaji wa mabomu hakai. Analala kifudifudi kwenye pua ya ndege, kidevu juu ya mto wa ngozi, uso kwenye kioo, mkono wa kulia kwenye mpini. Mto ule ulikuwa umebonyea kwa kidevu cha Yoramu. Changu ni chembamba, kikawa kinazama humo na kunikaza shingo kila safari. Niliomba mto mpya mara mbili. Bohari wakanijibu kwamba huo haujachakaa.

Aliletwa kwa lori saa nne asubuhi, wakamshusha wanaume wanne. Lilikuwa sanduku la risasi, yale madini mazito ya kijivu, lenye ukubwa wa madebe mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Nyuma yake alishuka Mhandisi Pendaeli wa maabara ya makao makuu, mwanamke mrefu aliyekuwa akihesabu hatua za wabebaji kwa midomo.

"Taratibu jamani. Huyo ni mtu, si saruji."

"Ni mtu?" nikamuuliza.

"Nakala ya mtu, Sajini. Kaa naye wiki moja, utaacha kuuliza."

Kapteni Salha Mbaruku, rubani wangu, alikuwa chini ya bawa akikagua matairi. Akatoka akijifuta mikono kwenye ovaroli. Akalitazama lile sanduku. Pendaeli akapiga magoti, akageuza swichi, na kitobo kidogo cha spika kikakoroma.

"Hapa pananuka nazi," sanduku likasema. "Lazima kuna Mzaramo jirani."

Ilikuwa sauti yake. Kigugumizi kile kidogo kwenye herufi ya kwanza, ile lafudhi ya Unyamwezini, kila kitu.

"Utanusa na nini, Mnyamwezi wewe?" Salha akasema. "Pua yako tuliizika Urambo."

"Nazi yenu hainuswi kwa pua. Inasikika."

Salha akacheka. Alicheka mpaka akashika bawa asianguke. Nilikuwa nimesharuka na mwanamke huyu mara thelathini na mbili, tumepigwa risasi pamoja, tumetua na injini moja pamoja, na kicheko kile sikuwahi kukisikia. Roho iliniuma pale pale, na sitajifanya kwamba ilikuwa huzuni ya kumkumbuka marehemu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako na ukamkaribisha chakula. Mimi ni Mmatengo. Kati ya kwetu na kwao Salha hakuna utani niliowahi kuusikia, kwa hiyo kwangu alikuwa afande, na mimi kwake nilikuwa Sajini Kinunda. Mpaka leo sijui kama nakala hurithi utani wa mwenyewe. Salha hakuliuliza swali hilo hata mara moja.

*

Kwa asiyevijua vita vile, nieleze kidogo. Katika mwaka wa kwanza jeshi la Ng'ambo liliwasha mitambo ambayo sisi tuliiita kivuli. Popote kivuli kilipofika, kombora lenye akili lilikuwa bubu, ndege isiyo na rubani ilianguka, redio ilikoroma tu. Nasi tukajenga cha kwetu. Ndani ya mwezi mmoja silaha za kisasa za pande zote mbili zikawa vyuma chakavu, na ikabidi watu warudi nyuma zaidi ya miaka mia: ndege ya injini mbili za panga boi, watu watatu ndani, na bomu la chuma lisilojua lolote ila kuanguka.

Ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Kumi na Nne pale uwanda wa Ilembe, na ndege zake ishirini na nne za masafa ya kati. Tuliziita Kanga, kwa kuwa zilipakwa madoa, zilikuwa na kelele, na ziliruka chini chini. Mafundi nao, kwa kuwa jina ni kanga, wakaziandikia maneno ubavuni kama nguo za akina mama. Yetu iliandikwa USINICHUNGULIE. Kufikia mwaka wa tatu zilikuwa zimebaki tisa, na walengaji wazuri walikuwa wachache kuliko ndege.

Hapo ndipo makao makuu walipokumbuka kofia. Kila mlengaji alipewa kofia ya kunakili, yenye nyuzi ndani, na tangu mwaka wa kwanza tuliivaa kila safari bila kuifikiria sana. Ilikuwa inasoma ubongo ukifanya kazi. Yoramu alivaa ya kwake safari sabini na moja kabla kipande cha chuma hakijapita kwenye kioo na kumpata shingoni. Pendaeli alizichukua zile safari sabini na moja, akazisuka mpaka zikaanza kusema, akazifungia ndani ya risasi ambamo kivuli hakipenyi. Alitarajia kupata shabaha. Alimpata na mwenye shabaha.

Sheria ya kikosi ilikuwa moja: bomu halitoki bila neno la rubani, kwa sababu yeye ndiye mkuu wa chombo na ndiye atakayeulizwa. Mlengaji akiwa tayari anasema "Hodi." Rubani akiona sawa anasema "Karibu," na hapo hapo mpini unavutwa. Mzaha huo aliuanzisha Yoramu mwenyewe, eti ni utovu wa adabu kuingia kwa watu bila kubisha. Ulipendwa, ukaenea, mwisho ukaandikwa kwenye kitabu cha mafunzo.

Lakini neno karibu lina kazi mbili, na rubani hawezi kukwambia kwamba mko karibu halafu ukaachia mabomu. Ndiyo maana ndani ya Kanga hakuna kilichokuwa karibu. Mto ulikuwa jirani, adui alikuwa jirani, hata chakula cha mchana kilikuwa jirani. Tulizoea mpaka nyumbani. Mke wangu aliwahi kuniuliza likizoni kama Krismasi nayo imehamia mtaani kwetu.

Mpango ulikuwa hivi. Turuke safari kumi, mimi na sanduku pamoja kwenye pua. Lenyewe lilikuwa na jicho la kioo chini ya kidevu changu, na waya wake wa kuachilia uliungwa na wa kwangu kwenye swichi moja, kwa kuwa fundi alikosa swichi ya pili. Atakayesema hodi kwanza ndiye mwenye shabaha hiyo. Baada ya safari ya kumi Salha angeandika ripoti, na mmoja wetu angeshuka.

Kufikia safari ya sita Yoramu alikuwa amenitangulia mara tano.

Ningeyavumilia hayo. Kilichonichoma ni mambo madogo. Salha alianza kufika uwanjani mapema, akae kwenye ngazi ya ndege alisimulie sanduku habari za redio. Alilifunika kwa koti lake wakati wa baridi, koti ambalo sijawahi hata kuazimwa. Mpiga bunduki wetu wa mkiani, Koplo Mashaka, aliyekuwa nusu kiziwi kwa kazi yake, alinikuta siku moja nimesimama nyuma ya gurudumu nikiwasikiliza.

"Wewe Kinunda," akasema kwa sauti ya kusikika hadi bohari, "unamwonea gere maiti?"

"Nakagua breki."

"Breki ziko upande huu."

Na lile sanduku, ubaya wake ni kwamba lilikuwa jema kwangu. Kila asubuhi liliniuliza kama nimekula. Liliniambia niweke kitambaa kwenye mto ili kidevu kisizame, jambo ambalo kwa miezi mitano sikuwa nimelifikiria. Nikakiweka, shingo ikapona, nami nikazidi kumchukia.

*

Safari ya saba tulitumwa kuvunja daraja la maboya kwenye Mto Kavwa. Saa tatu asubuhi, anga safi. Alama yetu ilikuwa moshi wa matanuri ya matofali ya kijiji cha Mlalazi, kilicho ukingo wa upande wetu. Unapita juu ya moshi, unahesabu hadi nne, mto, daraja. Walioishi Mlalazi walikuwa watu wetu, na matofali yao ndiyo yaliyojenga mabweni yetu.

Nilijiapiza tangu ardhini kwamba safari hii hodi ya kwanza ni yangu. Moshi ulipotokea mbele nilijua ni mapema mno, lakini nilijua pia kwamba moshi utaliziba lile jicho la kioo kabla ya macho yangu, kwa kuwa liko chini zaidi.

"Hodi!" nikasema.

Salha alikuwa bado akiinyoosha ndege. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini.

"Mtani, moshi umeniziba," Yoramu akasema kwenye waya. "Mto uko wapi?"

"Karibu," Salha akasema.

Nikavuta.

Nieleze hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Salha alikuwa na sauti yake ya amri, kavu, fupi, na nilikuwa nimeisikia mara thelathini na nane. Neno hili halikutoka kwa sauti hiyo. Lilitoka polepole, na tabasamu ndani yake, kama mtu anavyojibu akiwa sebuleni kwake. Alikuwa anajibu swali la mtani wake. Alijisahau, akatumia neno tulilolipiga marufuku, kwa sababu watu hujisahau wanapokuwa na watu wao. Mimi nililisikia lote hilo. Nilijua neno si langu. Lakini nililitaka liwe langu, na mkono ukafanya nilichotaka.

Mabomu sita yalitoka. Kanga ikaruka juu kwa wepesi ule tunaoujua.

"Nani kaachia?" Salha akapiga kelele. "Nani? Nani kaachia?"

Sikujibu. Na Yoramu, aliyejua fika kwamba si yeye, naye hakujibu.

Daraja lilikuwa bado sekunde nne mbele. Yote sita yaliangukia matanuri. Walikufa watu saba waliokuwa wakipanga kuni.

*

Mchana huo walilitoa sanduku ndegeni wakaliweka juu ya benchi karakanani, swichi ikiwa wazi. Uchunguzi ulikuwa umepangwa kesho yake. Sijui nilifuata nini kule. Mafundi walikuwa wamekwenda kula.

"Gaudensi," likasema. Hilo ndilo jina langu, na hakuna mwingine kikosini aliyelitumia. "Umekula?"

"Acha hayo."

"Sawa. Wewe ndiye uliyevuta."

"Unajua hivyo."

"Najua. Na mimi ndiye niliyeuliza swali wakati wa hodi. Miaka miwili niliwakataza watu jambo hilo, halafu nikalifanya mwenyewe. Mtu akifa anasahau adabu."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata pa kusimama. Badala yake alianza kuniuliza majina ya wale waliokufa, kama nimeyasikia, kwa sababu yeye hana pa kuyaulizia. Nilikuwa nayajua majina mawili tu. Alinifanya nimtajie, akayarudia.

"Kesho watakuuliza," nikasema.

"Wataniuliza."

"Utasemaje?"

"Nenda ukale, ndugu yangu," Yoramu akasema.

*

Walikaa kwenye bwalo la chakula, meza tatu zimeunganishwa. Katikati alikuwa Kanali Chilongani, mkuu wa kikosi, mtu mpole anayesikiliza amefumba macho. Sanduku lilikuwa mwisho wa meza. Nyuma kabisa, kwenye benchi la peke yake, alikaa mwanamke wa Mlalazi, Bi Skolastika Nduta. Mumewe alikuwa miongoni mwa wale saba. Kanali alipomuuliza kama ana neno kabla hatujaanza, alisema hataki salamu za rambirambi, ametembea tangu alfajiri kuja kujua ni nani tu.

Salha alisimama wa kwanza. Hakujificha. Alisema neno marufuku lilitoka kinywani mwake na lawama ya kwanza ni yake.

"Ulikuwa unamjibu nani?" Kanali akauliza.

"Namjibu Kasanda, afande."

"Kasanda yupi? Marehemu, au hii nakala?"

"Kwangu mimi yuko mmoja tu, afande."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Saba wamekufa, mjane wa mmoja wao yuko nyuma yangu, na kilichoniuma mbavuni wakati ule ni hilo jibu. Nayasema haya kwa sababu nimechoka kuyaficha.

Kivuli hakiruhusu kinasa sauti, kofia yangu ingechukua miezi kusomwa maabara, swichi ilikuwa moja kwa nyaya mbili, na Mashaka hakusikia kitu. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa sisi. Kabla ya kuliuliza sanduku, Mhandisi Pendaeli alisimama na karatasi.

"Nakala haiapi kwa kitabu, afande. Inafungwa na kanuni mbili, nayo inazijua. Nakala ikikosea, inarudi maabara kufundishwa upya. Mwezi mmoja, kisha inarejea kazini. Nakala ikidanganya, inafutwa siku hiyo hiyo, pamoja na safari zote ilizosukwa nazo. Hatuwezi kumpa mabomu mtu asiye na mwili na asiyesema kweli."

"Umesikia, Kasanda?" Kanali akauliza.

"Nimesikia, afande."

"Nani aliachia?"

"Mimi," Yoramu akasema. "Nilisikia karibu, nikaachia. Kosa la masikio."

Bwalo zima lilishusha pumzi. Niliiona hesabu yote mbele yangu kwa mara moja. Yeye mwezi mmoja darasani. Mimi kiti changu, cheo changu, jina langu safi. Kosa la masikio ya chombo, kila mtu anaweza kuishi nalo. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na katika maisha yangu hakuna kazi ninayoiweza kuliko hiyo.

Ndipo Salha alipoliinamia lile sanduku. Alikuwa amekwisha msamehe. Sijui aliupata wapi wepesi huo, dakika moja haijapita tangu akiri, watu saba, na amekwisha msamehe.

"Mnyamwezi wewe," akanong'ona, na sauti ilikuwa ile ile ya juu ya moshi. "Uzee wote huo unarudi darasa la kwanza."

"Nitakaa mbele," Yoramu akajibu, "nisije nikakaa na Wazaramo."

Kijiba cha roho ni kitu halisi. Siku hiyo nilikijua kinapokaa. Alikuwa amenishinda shabaha. Amenishinda utani. Sasa ameninunulia uhai wangu mbele ya kikosi kizima, na kila asubuhi ya maisha yangu ningeamka nikijua kwamba nimelala kwenye mto wake na ninapumua kwa hisani yake. Hata katika ubaya wangu mwenyewe yeye ndiye aliyetokea mwema.

Nikasimama.

Nilikuwa na njia nyingi za kusema. Ningeweza kusema: afande, ni mimi. Ningeweza kusema: mama, nisamehe. Nimezipanga sentensi hizo kichwani mara nyingi tangu hapo. Hii ndiyo niliyoisema:

"Afande, nakala imedanganya."

Kanali akafumbua macho.

"Mpini niliuvuta mimi," nikaendelea. "Neno lilikuwa la Kasanda. Nilijua ni la Kasanda, nikalichukua."

Pendaeli alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, akiitazama kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Kanali aligeukia sanduku.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, afande."

"Kwa nini ulidanganya? Kanuni umesomewa hapa hapa."

"Nilipima, afande. Mimi ni mwezi mmoja, yeye ni mahakama ya vita. Nikaona mzigo wake ni mzito kuliko wangu." Akakoroma kidogo kwenye ile spika. "Huyo mama aliyekaa nyuma sikumpima. Alikuja kutafuta kweli na mimi nilitaka kumpa uongo aondoke nao. Katika hilo Sajini amenisahihisha."

Hata pale. Hata pale alinipa sifa isiyo yangu. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria yule mama niliposimama. Sikumfikiria.

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama sasa, akija polepole katikati ya meza mpaka akafika mbele yangu. Alikuwa mfupi, na vumbi jekundu la Mlalazi lilikuwa bado kwenye upindo wa kitenge chake.

"Mume wangu alikuwa na shati jeupe," akasema. "Alilivaa siku ile ili moshi ukizidi tumwone. Wewe hukuliona?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nasikiliza."

Akatikisa kichwa mara moja, akafunga upya kitenge chake kiunoni, akatoka nje, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

*

Walinifungia kwenye stoo ya miavuli ya kurukia, kwa kuwa Ilembe haikuwa na rumande. Kulikuwa na dirisha moja linalotazama karakana. Saa kumi alasiri niliwaona Pendaeli na Salha wakiingia, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti ya Salha, kisha kicheko, kisha sauti tena. Walikaa kama nusu saa. Halafu Pendaeli alitoka peke yake, akaenda kusimama nyuma ya pipa la mafuta ameufunika uso kwa viganja.

Salha alikuja kwangu jua likiwa bado juu. Mlinzi alimfungulia. Alikuwa amebeba blanketi langu, sabuni, na mswaki, akaviweka chini kimoja kimoja.

"Afande," nikasema.

"Mahakama ni Jumatatu. Wakikuuliza kuhusu neno langu, uwaambie vile vile ulivyowaambia leo. Usinipunguzie."

"Ndiyo, afande."

Hakuondoka. Nami, badala ya kunyamaza, nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu lori lile lilipoingia uwanjani.

"Safari kumi zingeisha, ungemwandika nani?"

Alinitazama. Sikuona hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Hakuna aliyekuwa anashindana na wewe, Kinunda," akasema. "Ulikuwa peke yako mbioni."

Akakaa juu ya mafurushi ya miavuli, ovaroli yake ikiwa na mafuta kifuani pale alipolikumbatia lile sanduku.

"Alipokufa mara ya kwanza nilikwenda kwao," akasema, bila kunielekea mimi hasa. "Mtani halii msibani. Nilijilaza ndani ya shimo la kaburi nikasema siondoki bila kulipwa jogoo. Nikavaa suruali ya marehemu nikawachekesha mpaka mama yake. Watu wakasema mtani kafanya kazi. Sikulia. Nilidhani nitalia nikirudi, nikakuta tumepangiwa safari." Alijifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Leo nimemtukana mpaka swichi ilipozimwa. Nilitaka asisikie kitu kingine. Sasa nimtukane nani? Hana hata shimo."

Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, afande wangu niliyemwona akitua na injini inayowaka bila kupepesa jicho. Mlinzi aligeuka akatazama upande wa pili.

Nilikaa kwenye blanketi langu hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na maiti saba, nilikuwa na mjane mwenye vumbi kwenye kitenge, nilikuwa na rafiki niliyemuua kwa kusema kweli. Yalikuwepo ya kutosha kumliza mtu yeyote. Lakini nilimsikiliza Salha mpaka mwisho, nikitega sikio kwa kila kwikwi, nikitafuta kama miongoni mwa machozi yale yote kuna hata tone moja lililo langu. Halikuwepo. Na Mungu anisamehe, nilichokihisi pale, juu ya hayo yote, bado kilikuwa ni wivu.